Kuna Koma Hapo

Gatuanyaga
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa mihwa wangu Shiko, mtoto wa dada yangu,

Pokea salamu nyingi kama vumbi la huku, ambalo mwaka huu limezidi, mpaka ng'ombe wangu mweupe anaenda malishoni mweupe na kurudi mwekundu. Mimi ni mzima. Mama yako Mumbi ni mzima, goti limeacha kumsumbua. Yule mbuzi wangu wa pembe moja amezaa watatu kwa mpigo, na daktari wa mifugo alipotoka Thika kuja kuwaona alivua kofia. Akasema hajawahi kuona kitu kama hicho. Nikamwambia, ni kwa sababu hujawahi kufika kwa Muigai.

Habari nyingine ni meno. Unakumbuka yale ya mbele juu niliyoyapoteza nikimwangusha fahali mkali. Mama yako husema nilianguka na baiskeli, lakini yeye hakuwepo. Sasa nimewekewa mengine pale Thika, ya kutoa na kurudisha. Shiko, ni meupe! Nikicheka mtu anadhani mimi ni meneja wa benki. Yule daktari wa meno alitaka kunipiga picha aiweke ukutani, nikakataa kwa sababu ya unyenyekevu.

Sasa jambo lenyewe. Umenitoa kwa grupu ya familia. Mimi, ndugu wa pekee wa mama yako, niliyekubeba mabegani baba yako alipofariki, umenitoa kama mtu aliyetuma matangazo ya uganga. Nikikupigia simu inalia mara moja inakufa. Nikamwuliza Mumbi, akaniambia, "Mwandikie barua, kaka. Sauti yako hataki kuisikia saa hii." Basi naandika. Niliacha shule darasa la sita, lakini niliacha nikiwa mbele ya wote, kwa hivyo kalamu siiogopi.

Kuhusu siku ile ya Desemba, wageni wa mchumba wako Dismas walipokuja kutoka Bungoma kututembelea, nataka ujue kufuli la geti lilikuwa limeshika kutu. Kutu ni kitu kibaya sana. Tuachie hapo.

Nasikia harusi ni Agosti. Baba yako hayupo, na kwetu Mama, yaani ndugu wa mama mzazi, ndiye husimama akabariki mtoto wa dada yake. Nataka kusimama, Shiko. Sitaki mbuzi, sitaki blanketi, sitaki kiti cha mbele. Nataka kusimama tu.

Na ujue nimebadilika. Pasta Bridget amekuwa akitufundisha matunda ya Roho, na Jumapili iliyopita akaniita nisome mbele ya kanisa, kwa sababu sauti yangu inafika mpaka barabarani. Nikasoma vizuri sana mpaka mwisho: "upole kiasi." Akanisimamisha. "Mzee Muigai, hebu rudia." Nikarudia, upole kiasi. Watu wakaanza kucheka. Akasema, "Kuna koma hapo, mzee. Kuna upole, halafu kuna kiasi. Kiasi ni kujizuia. Ni tunda lingine kabisa."

Shiko, maisha yangu yote nimesoma bila ile koma! Nilijua Mungu ni mwelewa, anataka upole kiasi, na upole kiasi ninao, hata saa hii ukiniomba naweza kukutolea kidogo. Kumbe ni vitu viwili na vyote vinatakiwa vizima. Nilienda nyumbani nikavaa miwani nikaiangalia hiyo alama. Ni kadogo kama mkia wa kiluwiluwi. Na jina lake lenyewe ni amri: koma!

Basi nimeanza kukoma. Niulizie kwa mtu yeyote.

Ni mimi Mama wako,
Muigai


Membley, Ruiru
16 Machi 2025

Kwako Mama,

Hujambo? Nashukuru kusikia habari za goti la mama na za mbuzi. Meno nimeyaona kwa picha aliyonitumia mama, na kweli yamekukaa. Mimi niko salama. Kazi ya duka la dawa ni ileile, kusimama kutwa na kusikiliza watu wakikohoa. Dismas anakusalimia. Bado anacheka nikisema "Mama ameandika" halafu aone hati yako. Kwao ndugu ya mama ana jina lake, hawezi kuelewa vile sisi Wakikuyu tunamwita mwanaume mwenye ndevu Mama.

Barua yako nilikaa nayo siku nyingi. Ya kwanza niliyoandika kujibu niliichana. Hii nitaituma.

Nitasema habari ya Desemba mara moja na sitairudia. Gari lao lilikufa Kamakis. Walikaa kando ya barabara na jua likiwachoma, harufu ya nyama choma ikiwapita, wakakataa kula kwa sababu walijua kwako kumepikwa. Mama Benta, mamake Dismas, alikuwa amepakata kuku kwenye kikapu, ametoka naye Bungoma, wa kukupa wewe mkononi. Walifika jua likizama. Wewe ulikuwa umesimama ndani ya geti, umekasirika kwa kuchelewa kwao. Ukafunga kufuli tukikuangalia, ukasema, "Soko limefungwa." Kisha ukaingia nyumbani.

Soko, Mama. Mbele ya watu wanaokuja kuniomba. Kama ni soko, mimi ni nini?

Na kufuli halikuwa na kutu. Tulilinunua pamoja Thika mwezi wa Novemba.

Wazee wa upande wa baba wameyamaliza mazungumzo ya mahari hapa Membley bila wewe, na Mama Benta alikuja bila kusema neno moja juu ya siku ile. Hilo ndilo liliniumiza zaidi. Angepiga kelele ningejua pa kuanzia.

Sijasema utasimama Agosti. Sijasema hutasimama. Msamaha wa maneno sitaki, maneno unayo mengi. Ninachotaka ni nione kama unaweza kuudhiwa na usimjibu mtu. Mama yangu Mumbi ataniambia ukweli, unamjua. Na tuendelee kwa barua. Kwa simu huwa unajibu kabla mtu hajamaliza kusema, lakini karatasi lazima uisome mpaka mwisho.

Wako,
Shiko


Gatuanyaga
Jumapili, 4 Mei 2025

Mihwa wangu Shiko,

Salamu sana. Barua yako ilikaa kwa mkoba wa mama yako karibu na sabuni, imefika ikinukia kama harusi. Mvua imenyesha, maharagwe yangu yamepanda mpaka nimelazimika kuyaambia yatosha. Wale mbuzi watatu sasa wanaruka ukuta. Mumbi amechaguliwa kuwa mweka hazina wa akina mama kanisani, na kichwa kimekuwa kikubwa kidogo, tunaomba.

Nimesoma yote uliyoandika. Nimeyasoma mpaka mwisho. Mambo ya kufuli nilikosea kidogo, haikuwa kutu, sasa nimekumbuka vizuri: kulikuwa na nyoka. Alikuwa amejikunja pale kwa komeo, mweusi, mnene kama mkono wangu, na mimi sikutaka wageni wafe. Tuachie hapo.

Sasa sikiliza maajabu. Unamjua Kilonzo, jirani yangu Mkamba ninayepakana naye upande wa mtoni. Mbuzi wake waliingia kwa mboga zangu za sukuma. Hawakuonja, walikula kama wafanyakazi waliolipwa. Nikatoka. Nikafungua mdomo kuita "Kilonzo!" kwa ile sauti yangu ambayo unajua imewahi kuangusha parachichi mtini, na Shiko, meno yakaruka! Yalitoka yakapita hewani yakaenda yakamshika mbuzi mmoja mgongoni, na huyo mbuzi alikimbia mpaka kwao bila kugeuka, na hajarudi tena.

Sasa mimi nikabaki nimesimama na mdomo mtupu, na Kilonzo huyo anakuja. Ningesema nini? Bila meno mimi sionekani meneja wa benki, naonekana babu yake. Nikafunga mdomo. Nikamwangalia. Akaanza mwenyewe: "Pole sana, Mzee Muigai. Ua liliharibika na mvua. Nitalijenga leo leo." Mimi kimya. Akaona nimekasirika kupita kiasi, akaongeza: "Na nitakuletea miche mingine ya sukuma." Mimi kimya. Akaongeza asali!

Nilirudi nyumbani nikifikiri. Maisha yangu yote nimepiga kelele na hakuna siku mtu aliniletea asali.

Tangu hapo nimepata njia yangu. Hasira ikianza kupanda, naisikia hapa kwa shingo kama maji yakichemka, natoa meno polepole, naweka mfukoni. Siwezi kugombana na mtu nikiwa kibogoyo, ni aibu. Na ikishapoa narudisha. Juzi boda alinirushia matope mbele ya kanisa, suruali yote: meno mfukoni. Shemasi aliombea chakula mpaka chai ikaganda: meno mfukoni. Pasta Bridget amesema kwa miaka yake yote ya kazi hajaona mtu akikua kiroho kwa kasi hii. Au kama hakusema, nilimwona akifikiria.

Kwa uvumilivu huku Gatuanyaga hakuna wa kunipita. Kama kuna kikombe cha uvumilivu, wakilete wasipoteze mafuta ya gari kuzunguka kwa wengine.

Niandikie juu ya Agosti.

Ni mimi Mama wako mvumilivu,
Muigai


Membley, Ruiru
22 Juni 2025

Mama mpendwa,

Natumaini baridi ya Juni haijakukamata kifua. Huku tuko na ukungu asubuhi mpaka jirani akiwasha gari tunasikia tu hatulioni. Gauni limeshonwa. Mama Benta ametuma mtama na karanga kutoka Bungoma, gunia ambalo limejaza jikoni lote.

Nilicheka barua yako mpaka mteja akaniuliza kama niko sawa. Dismas ameisoma mara mbili, ile sehemu ya mbuzi.

Lakini nilimwuliza mama. Akaniambia hakuna mbuzi aliyeumwa na meno. Akaniambia ulitoka na fimbo ile ya mkuyu, ukatembea mpaka katikati ya shamba, meno yakaanguka kwenye matope ulipoita. Ukainama ukayaokota. Ukasimama pale. Halafu ukaiacha fimbo chini, ukaenda kumsikiliza Kilonzo mikono mitupu. Hiyo fimbo hukuiandika, na ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Wacha nikwambie kitu. Wiki jana mzee mmoja alinirudishia dawa mara tatu, oh si rangi ile, oh si sanduku lile, na mimi nikamfokea mbele ya watu. Alikuwa haoni vizuri, hakutaka kusema. Nilipomweleza Dismas jioni hakunilaumu. Alisema tu, "Wewe kweli ni mtu wa Gatuanyaga." Sikulala vizuri. Kumbe tunda hili hata mimi sinalo, na nimekuwa nikikuhubiria kwa karatasi.

Kwa hivyo nimempa Odongo orodha yake. Ndiye emsii wetu, wa kuongoza sherehe, rafiki ya Dismas. Baada ya wazazi kusema, nimeandika kwa mkono wangu: Neno la baraka, Mama Muigai. Dakika tano. Tafadhali, ni tano za saa, si tano zako.

Jambo moja tu. Mama Benta aliniuliza kwa simu, "Yule wa geti atakuwepo?" Nikamwambia atakuwepo na atasema. Akasema, "Sawa." Sijui ilikuwa sawa ya aina gani. Nakuomba, Mama. Yeye ndiye nitakayekaa naye maisha yangu yote. Ukisimama pale ukasema jambo la kumkata, sitakuwa na mahali pa kujificha.

Wako anayekupenda,
Shiko


Gatuanyaga
Jumapili, 13 Julai 2025

Shiko! Shiko wa Mumbi! Mihwa wangu!

Sisalimii leo, salamu zimekwisha, nimezigawa kijijini kote nikitangaza. Mama yako anasema nimefika mpaka kwa watu wasiokujua. Sasa wanakujua.

Hotuba iko tayari. Ilikuwa saa moja na nusu, nikaikata. Nikatoa sehemu ya fahali, ikaniuma. Nikatoa sehemu ya vile nilivyokuvusha mto ulipofurika, ingawa ile ingewaliza hata walinzi. Nimeifikisha dakika tano nikiisema haraka. Nawasomea mbuzi kila asubuhi, na wale watatu, nikifika mahali pa baraka, huwa wanapiga magoti. Wanaanza kwa magoti ya mbele, kwa heshima.

Nimeshonesha suti Thika, ya kijivu, fundi akasema mabega kama haya siku hizi hayatengenezwi tena.

Kuhusu mama mkwe wako usiwe na wasiwasi. Geti sitaligusa wala nyoka sitamtaja. Na nikikasirika unajua meno yatakuwa wapi.

Baba yako angekuwepo angevaa ile koti yake ya kahawia. Nimeikuta kwa sanduku la mama yako. Nilitaka kuivaa juu ya suti, Mumbi akanizuia, akasema nitaonekana kama gunia la viazi. Basi nitaibeba mkononi.

Tuonane Agosti.

Mama wako,
Muigai, msemaji


Membley, Ruiru
7 Septemba 2025

Mama,

Natumaini mko wazima. Sisi tumerudi, tuko salama, nyumba bado imejaa sufuria zenye utepe.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Nitaandika nilichokiona nikiwa meza ya mbele, halafu utaniambia.

Odongo alifika kwa jina lako. Akasoma vile nilivyoandika, "Mama Muigai!" Nikageuka kukuangalia. Halafu akasema, "Akina mama, mpigieni vigelegele!" Na hapo nikajua. Yeye ni Mjaluo, Mama Muigai kwake ni mama aliyemzaa Muigai, basi. Na aliyetoka si wewe, ni yule Mama Muigai wa jikoni, yule hupikia harusi zote za kanisa, akiwa na aproni na mwiko bado mkononi. Nilitaka kuamka, gauni likakanyagwa na mpambe. Tayari alikuwa ameshika maiki.

Alisema vizuri. Alilia, watu wakalia. Lakini mimi nilikuwa natafuta uso wako tu, na ulikuwa umeinamisha kichwa.

Nilimtuma mpambe kwa Odongo. Baada ya keki akatangaza tena, polepole, "Mjomba wa bibi harusi, Mzee Muigai wa Gatuanyaga." Watu wote wakageuka. Ulikuwa umefunga mdomo kama mfuko uliokazwa kamba. Ukatikisa kichwa. Odongo akarudia. Ukasimama, nikashusha pumzi, halafu ukatoka kwa mlango wa jikoni ukiwa na koti ya baba mkononi. Na Mama Benta akasimama akakufuata.

Nilikaa nikingoja kelele. Hakukuwa na kelele. Mlirudi kila mtu kivyake na wewe ukaenda bila kuniaga.

Nimemwuliza Mama Benta. Anacheka. Nikimwuliza tena anacheka zaidi, na anasema, "Mwulize mwenyewe."

Kosa la jina lilikuwa langu, niliandika bila kufikiri ni nani atasoma. Naomba unisamehe kwa hilo. Lakini ulipoitwa mara ya pili, Mama, mbona ulikataa? Ulikuwa umekasirika? Niliingoja baraka ile kuliko keki.

Shiko


Gatuanyaga
Jumapili, 28 Septemba 2025

Mihwa wangu,

Salamu kwako na kwa Dismas. Jua ni kali, Mumbi anapalilia, Kilonzo ameleta asali nyingine bila sababu. Yule mbuzi wa pembe moja ana mimba tena, na safari hii natarajia wanne.

Barua yako nimeisoma mpaka mwisho, nikaikunja, nikaikunjua, nikaisoma tena.

Sikukasirika. Hapana, wacha niseme vizuri. Odongo aliposema "Mama Muigai" nilikuwa nimeshainuka nusu. Nimeshafungua kifungo cha suti. Sasa naona mwanamke anatoka jikoni anajipangusa mikono kwa aproni, anasema, "Haiya! Mimi?" Shiko, ungeuona uso wake kwa karibu vile nilivyouona, kwa sababu alipita kando ya meza yangu. Alisema, "Sikujua mtanikumbuka." Amepikia harusi zote hizo na hakuna siku aliwahi kuitwa mbele. Ilibaki mimi kusema neno moja tu, kwamba Mama ni mimi, na yule mama angerudi jikoni na mwiko wake mbele ya watu wote.

Hapo hasira ilikuja. Ilikuja kama gari la mchanga lisilo na breki. Hotuba yangu, suti yangu, mbuzi wangu waliopiga magoti! Nikasema moyoni, koma. Nikakaa. Nikatoa meno.

Sasa kosa lilikuwa la fundi. Suti mpya, mifuko bado imeshonwa! Nilipapasa juu, nikapapasa chini, hakuna mlango. Nikayafunga kwa karatasi ya kupangusia mikono, nikayaweka kando ya sahani. Nikamsikiliza yule mama. Alisema vizuri kweli. Si kama ningesema mimi, lakini vizuri. Nilikuwa nalia kidogo, ndiyo maana uliona nimeinamisha kichwa. Na hao wasichana wa kukusanya sahani, Mungu awabariki, walikuwa wepesi mno.

Nilipoitwa mara ya pili sikuwa na meno, Shiko. Ukoo mzima wa Bungoma umenigeukia, na mimi mdomo wangu ni pango. Ningesimama ningesema baraka na mate, na watu wangekukumbuka kwa yule mzee wako kibogoyo. Ndiyo maana nilitikisa kichwa, na ndiyo maana nikatoka kwa mlango wa jikoni, kwa sababu taka zinamwagwa nyuma.

Nilikuwa nimeinama kwenye lile shimo nachokoa maganda ya viazi na kijiti, nikasikia mtu nyuma yangu. "Muthoni, unatafuta nini?" Mama mkwe wako, ameshajua kuita mkwe kwa Kikuyu. Nimefunga mdomo. Akasema, "Desemba ulitufungia geti, leo unatukimbia mpaka kwa taka?" Mimi kimya. Akaona simjibu, akavuta debe akakaa, na akaanza.

Akaniambia yote. Vile alivyokataa kula Kamakis. Vile viatu vilikuwa vya dada yake na miguu ilikuwa imevimba. Vile yule kuku alikuwa anahema, na alimpa maji kwa kiganja ili afike kwangu mzima. Halafu akasema, "Nilisimama pale getini kwako sikuwaza aibu yangu. Niliwaza huyu msichana. Siku atakuwa na shida akimbilie kwao, nikasema, atafungiwa hivi?"

Shiko, mtu akinianzia maneno hivyo huwa nina jibu. Huwa nina kutu, huwa nina nyoka. Siku ile mdomoni hakukuwa na jino wala nyoka. Nilisimama tu nikasikiliza mpaka akamaliza. Sijawahi kumsikiliza mtu hivyo tangu nizaliwe, na naamini hakuna mwanaume Thika nzima amewahi kusikiliza hivyo. Ni kazi nzito. Kubeba gunia la saruji ni afadhali.

Akasema, "Huna la kusema?" Nikafungua mdomo nikamwonyesha.

Aliangalia. Akaangalia shimo. Akaangalia mdomo. Halafu yule mwanamke alicheka mpaka akashika ukuta wa jikoni, machozi yakatoka, akaniambia, "Wewe, unangoja nini? Shika koti hii vizuri." Akakunja mikono ya gauni lake la harusi ya mwanawe, akaingiza mikono kwenye maganda. Tulitafuta pamoja. Hatukupata. Ukiona mbwa hapo Ruiru anatembea akicheka kwa meno meupe, msalimie, ni jamaa yetu. Nikaondoka kimyakimya nisikuaibishe, na hilo la kutokuaga limenikaa kifuani mpaka leo.

Meno mengine sijaweka. Nitaweka, lakini sina haraka. Watu wameanza kunihadithia mambo, hata Mumbi.

Geti nimeling'oa. Chuma nimempa Kilonzo ajengee kibanda cha mbuzi wake. Sasa pale ni wazi, mtu anaingia tu. Mumbi ananiuliza, na wezi? Nikamwambia wakija wawekewe chai.

Na ile baraka bado ninayo. Hotuba yote imekataa mdomo huu. Nimejaribu neno kwa neno mbele ya mbuzi: yenye f yanapuliza, yenye s yanapiga mluzi, yenye v sitaki hata kuyataja. Nimetoa, nimetoa, mpaka nimebaki na maneno ambayo hayahitaji meno. Ni haya, na nimeyapima, yanatoka safi kabisa:

Mungu awe nanyi.

Nataka kuja kuyasema kwa mdomo, si kwa karatasi. Nikikubaliwa.

Mama wako,
Muigai


Membley, Ruiru
12 Oktoba 2025

Mama wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, nikafunga dirisha la duka kidogo, wateja wakangoja, na hakuna aliyelalamika.

Njoo Jumapili ijayo baada ya ibada, uje na mama. Mama Benta yuko hapa tangu Ijumaa. Amekuja na kuku mwingine kutoka Bungoma, amemfunga mguu hapo nyuma, na hataki mtu amguse. Anasema ana mwenyewe.

Unajua geti la estate yetu, hawafungulii mtu wasiyemjua. Basi nimeenda kwa askari nikamwambia, "Jumapili Mama atakuja. Usimwulize maswali, mfungulie."

Akasema, "Sawa, mama yako namjua."

Nikamwambia, "Huyo pia anakuja. Lakini huyu mwingine ni mzee, amevaa suti ya kijivu, ana ndevu, hana meno ya mbele. Huyo ndiye Mama."

Akaniomba nirudie tangu mwanzo. Kwa hivyo nimeamua nitasimama hapo getini mimi mwenyewe.

Na nimekurudisha kwa grupu.

Shiko wako